Kasi ya Lori la Mzee Chidumizi

Katikati ya maabara, lori la nuru, picha hewani tu, lilishuka mteremko wa Kibaigwa, likafunga breki, likaligonga ubavuni gari-jiendeshe la nuru. Likafutika, likaanza upya. Kirejesho, mashine ya kufufua ajali, kilikuwa kimeirudia mara elfu kumi, kila mara kikibadilisha kidogo yasiyojulikana kwa hakika: uzito wa shehena, hali ya matairi, mwanzo wa alama za breki. Mwishowe kikaandika ukutani: KASI 84.

Kikomo pale ni kilomita sitini kwa saa. Kwa namba hiyo Mzee Chidumizi, mmoja wa madereva wa mwisho wanaoshika usukani wenyewe, angefungwa miaka mitano.

Mhandisi Tulizo aliitazama kwa mashaka. Majaribio elfu kumi, jibu moja tu? Akampigia simu dereva.

"Mzee, alama zako za breki ni mita arobaini."

"Arobaini? Mwanangu, zangu hazikufika ishirini! Baada ya kugonga nilikata matawi, nikayalaza nyuma kuwaonya wenzangu. Pikapu moja ikayaona ghafla, ikafunga breki. Dereva akanitukana hadi marehemu bibi yangu."

"Hayo matawi hayamo kwenye picha."

"Yatakuwemo vipi? Roboti zenu za usafi zimefagia. Zina bidii kuliko mkwe mpya."

Kumbe Kirejesho kiliunganisha alama za magari mawili. Tulizo akafungua kumbukumbu za ndani. Majibu ya majaribio yale yalikuwa yametawanyika, kuanzia 46 hadi 88.

"Nani kakuruhusu kuingia humo?" Bosi wake, Ngwandu, alikuwa mlangoni.

"Kwa nini upana huu wa majibu umefichwa, bosi?"

"Mahakimu wanataka namba moja. Ukiwapa mbili wanauliza unalipwa kwa kazi gani. Weka saini, Tulizo. Mashine haina shangazi wa kumpendelea."

"Haina. Ila walioiunda ndio wanaouza magari-jiendeshe."

Ngwandu akageuka kutazama kama kuna mtu koridoni, kisha akaondoka.

Tulizo akaandika: *Kasi ni kati ya 46 na 88. Hakuna uhakika kwamba dereva alizidisha mwendo.* Akaituma ripoti hiyo mahakamani, moyo ukimdunda kwa furaha.

Halafu akatafuta upana ulianza kufichwa lini. Miaka mitatu iliyopita. Akafungua faili la kwanza la kipindi hicho: Sikujua Malogo, mwendesha bodaboda, umri miaka ishirini na mbili. Kasi 71. Kifungo, miaka sita.

Saini ya mhandisi ilikuwa ya Tulizo. Chini ya faili hilo yalisubiri mengine arobaini, yenye saini ileile.