Mwanangu Alifundishwa Kusoma Kimya, Nikampoteza

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mkulima, naishi Nyakisasa wilayani Ngara. Nina mume, tena yu hai, na watu wakinitazama kanisani wanadhani sina kinachonisumbua. Kumbe! Ndani yangu kuna wivu uliokaa zaidi ya miaka ishirini. Nikiufukuza asubuhi, jioni umerudi.

Wasomaji wenzangu, msianze kukisia. Mwanamke akisema ana wivu, haraka mnadhani ameibiwa mume. Laiti ningeibiwa mume! Mume angerudi siku moja amechoka, tungegombana, yangekwisha. Mimi nilichukuliwa mwanangu... na mwanamke aliyemchukua hakumshika hata mkono. Alimpa kitabu tu.

Tulipohamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa tuliacha migomba yetu mlimani, tukapangwa kwenye mistari ya nyumba kando ya barabara. Nilikuwa sijafika miaka thelathini. Nilikuwa nimezika watoto wawili wachanga, na mtoto niliyebaki naye alikuwa Veneranda peke yake. Baada yake tumbo langu halikushika tena. Mwaweza kufikiri nilivyompenda?

Vene alikuwa darasa la pili, na mimi nilikuwa nasoma kisomo cha watu wazima jioni, kwa sababu mwenyekiti wa kijiji hakutaka kusikia visingizio. Sote tulisoma kwa sauti. Mwalimu anataja, darasa linaitikia, na anayepita barabarani anajua shule inafanya kazi. Kwetu hivyo ndivyo mwalimu alivyopimwa. Shule ikinguruma, watu walisema, "Ah, pale kuna mwalimu!"

Na nyumbani ikawa hivyohivyo. Mimi namenya ndizi, Vene amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, anasoma kwa sauti kali, nami namfuatisha. Majirani walinitania asubuhi, "Mama Vene, redio yako jana imesoma vizuri!" Kweli, redio hatukuwa nayo. Mwanangu ndiye aliyekuwa redio yangu. Kila alichokijua kilipita masikioni mwangu kwanza, na mimi nilijiona tajiri.

Kisha akaja Mwalimu Editruda.

Alitoka Biharamulo, msichana mwembamba, hajaolewa, hana mtoto. Alikuja na sanduku la mbao, na watu waliomsaidia kulishusha walidhani lina vyombo. Lilikuwa limejaa vitabu! Vipya vichache, vingi vimechakaa, vingine havina majalada. Alipewa darasa la tatu, na mwanangu alikuwa ameingia darasa hilohilo.

Haikupita muda mrefu, kukatokea jambo la ajabu. Kila siku baada ya mapumziko, darasa la tatu lilinyamaza. Kimya kabisa! Sisi tuliokuwa tukilima shamba la kijiji ng'ambo ya barabara tuliinua vichwa. Wengine wakasema mwalimu amewafukuza watoto. Wengine wakasema amelala. Mwenyekiti akaacha jembe akaenda kuona.

Aliwakuta watoto wote wameinamia vitabu, kila mmoja chake alichojichagulia. Mwalimu naye amekaa kwenye kona, anasoma chake! Mwenyekiti alitusimulia akiwa bado anashangaa. Alimuuliza wanafanya nini. Mwalimu akamwamkia kwa adabu, "Shikamoo mzee. Wanasoma." Mwenyekiti akauliza, "Wanasoma? Mbona siwasikii?" Tulicheka mpaka tukaegemea majembe. Nilicheka kuliko wote. Masikini mimi... sikujua kinachochekwa ni msiba wangu.

Maana jioni hiyohiyo Vene alikaa kwenye kigoda chake, akafungua kitabu, na sauti haikutoka. Nikamwambia asome. Akasema anasoma. Nikamwambia sisikii! Akanijibu kwa upole, "Mama, mwalimu amesema midomo isitikisike. Ukisoma kwa macho unaelewa zaidi."

Nikaendelea kumenya ndizi.

Kisha akacheka. Peke yake! Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nilimtazama mtoto niliyemzaa, nikajiuliza, anacheka na nani? Wanawake mnajua mume anapokaa kwenye kiti chake na kutabasamu, na tabasamu si lako. Basi ndivyo nilivyojisikia. Nikamuuliza anachekea nini, akasema, "Ngoja kwanza nimalize, Mama." Ningoje! Mimi niliyembeba mgongoni niambiwe ningoje mlangoni kama mgeni!

Tangu siku hiyo nilimchukia yule mwalimu. Nilichukia hata anavyotembea. Nilisikia kwamba anawaita watoto mezani kwake mmoja mmoja, mtoto anamsimulia kilichomo kwenye kitabu, kilichomfurahisha na kilichomtisha. Alijua kwamba mwanangu anapenda hadithi za wanyama na hapendi zenye kifo. Mimi sikulijua hilo. Mtu baki alijua!

Nikaenda shuleni. Nilisema maneno mengi, nikasema kwetu mtoto akinyamaza sana tunampeleka hospitali. Mwalimu Editruda alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Mama, akimaliza kusoma muulize amesoma nini. Atakusimulia mpaka uchoke."

Ushauri mzuri, sivyo? Leo nakubali. Siku ile niliona nimetukanwa. Msichana asiye na mtoto ananifundisha namna ya kuzungumza na wangu! Niliondoka bila kuaga. Na kumuuliza Vene nilimuuliza kweli, lakini niliuliza ya wivu. Mwalimu kasema nini leo? Kakupa nini? Kasema nini juu yangu? Mtoto akawa anajibu kwa neno moja moja, na mimi nikazidi kuamini kwamba amelishwa sumu.

Ndipo vita ikaja. Mume wangu alichukuliwa pamoja na mgambo wengine, wakapakiwa kwenye lori, sisi wake tukabaki tunapunga mikono. Chumvi ikapotea. Sabuni ikapotea. Mafuta ya taa ndiyo kabisa! Koroboi yangu ikakauka utambi. Jua likizama tulikuwa gizani, na Vene akakosa pa kusomea.

Mwalimu Editruda alikuwa na akiba kidogo ya mafuta. Akasema Vene aende kusomea kwake. Ningekataa kwa sababu gani? Kwamba nina wivu? Nikamruhusu. Mwanzoni nilimfuata kumrudisha. Baadaye nikawa narudi shambani nimechoka, kazi za wanaume zote zilikuwa zetu, nikamwacha alale hukohuko.

Jioni moja nilikwenda kumpelekea mahindi ya kuchoma. Dirisha lilikuwa wazi, nikachungulia. Walikuwa wamekaa wawili, taa katikati, kila mmoja na kitabu chake. Hawakusemezana. Hawakutazamana. Mwalimu alifunua ukurasa, na baadaye Vene naye akafunua wake... na nyuso zao zilikuwa zimetulia kama za watu waliokwisha kuambiana yote.

Jamani! Ningewakuta wanazungumza nisingeumia hivyo. Ningewakuta wanacheka ningeingia nikacheka nao. Lakini kwenye ule ukimya ningeingia vipi? Nilirudi na mahindi yangu. Nilikaa jikoni nikalia, nikayala yote peke yangu kwa hasira.

Vita ikaisha. Mume wangu akarudi akiwa mzima wa mwili, lakini mpole kupita kiasi, mtu wa kutazama mbali. Wakati huohuo Mwalimu Editruda akapata uhamisho wa kurudi Biharamulo. Nilifurahi! Nilikaribia kupiga vigelegele. Akaja nyumbani kuniomba aende na Vene, asome huko, likizo awe anarudi. Nikamwambia labda mimi niwe nimekufa. Akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, Mama Vene. Nimekusikia."

Alinisikia, ndiyo. Lakini kwetu mtoto ni wa baba, na yeye alilijua hilo vizuri. Alinizunguka. Alimfuata mume wangu, wakazungumza, mimi sina habari.

Siku ya safari nilikuwa shamba la kijiji tangu asubuhi, tunavuna maharage. Niliporudi nyumba ilikuwa kimya. Nguo za Vene hazipo. Mume wangu amekaa nje ananoa panga, haniangalii. Nikauliza mtoto yuko wapi. Akasema, "Nimetoa ruhusa." Nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Akaniacha nilie, kisha akasema jambo ambalo hajalirudia tena. Alisema kule vitani aliona waliosoma wakipewa kalamu na wasiosoma wakitumwa mbele, na mtoto wake hatatumwa mbele na mtu.

Nilikimbia barabarani kama mwehu. Lori lilikuwa limekwisha kuondoka. Jirani yangu, badala ya kunyamaza, akanieleza alivyomwona Vene juu ya magunia. Nikamuuliza, alikuwa analia? Akanishika mkono. Kisha akasema hapana, alikuwa anasoma.

Wasomaji wenzangu, mmewahi kuchomwa kisu na mtu anayewahurumia?

Mavuno ya pili sikuvumilia. Nilichukua mkungu wa ndizi na maharage, nikaomba lori mpaka Lusahunga, nikapata jingine mpaka Biharamulo. Nilikusudia kurudi na mwanangu, apende asipende. Nilimkuta amerefuka. Alinikumbatia, tena kwa furaha, moyo ukalainika. Kisha akageuka akaita ndani, "Mama! Mama wa Nyakisasa amekuja!"

Mama... na Mama wa Nyakisasa! Nilikuwa nimepewa jina la kijiji.

Nilimvuta pembeni nikamwambia afungashe. Akatikisa kichwa kukataa. Nikamuuliza kwa ukali, huyu ana nini ambacho mimi sina? Vitabu? Mafuta ya taa? Akasema, "Yeye ananiuliza nimesoma nini. Wewe unaniuliza habari zake tu."

Niliacha kumwambia afungashe. Nililala pale usiku huo, asubuhi nikaondoka peke yangu, na yule mwalimu alinisindikiza hadi barabarani akiwa amebeba kikapu changu kitupu.

Vene akasoma, akawa mwalimu, akaolewa hukohuko. Hakunitupa. Krismasi alikuja, sukari alileta, vitenge alileta. Ananiheshimu sana, na heshima hiyo ndiyo inayoniumiza, kwa maana mtu hamheshimu hivyo mama aliyemzoea.

Mwaka jana Mwalimu Editruda alifariki baada ya kuugua. Nilikwenda kuzika. Nilijiambia, sasa basi, ugomvi umekwisha, mwanangu atabaki na mama mmoja. Ndiyo, niliwaza hivyo mbele ya jeneza, Mungu anisamehe!

Kabla ya kutupa udongo, msemaji alitangaza kwamba waanze watoto wa marehemu. Nikatazama huku na huku. Marehemu hakuwahi kuzaa. Kisha mwanangu, wa tumbo langu hili, akatoka kwenye umati. Alinipita. Alichukua udongo kwa mikono miwili, akasimama juu ya kaburi akalia kilio ambacho watu hulia wakizika mama yao. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wageni, mzima, natazama mwanangu anavyofiwa na mama. Nilimwonea wivu hadi maiti!

Basi nawasihi, wazazi wenzangu. Mtoto wako akikaa na kitabu akanyamaza, usimkemee, wala usimchunguze kama unayemwinda mwizi. Kaa karibu. Hata kama hujui herufi moja, kaa tu na kazi yako. Mwache amalize, kisha muulize amesoma nini, na akisimulia usimkatize. Nanyi walimu, mnafanya kazi njema, sipingi tena. Lakini mkimfungulia mtoto mlango wa namna hiyo, mwiteni na mama yake aingie.

Mimi nilipewa nafasi hiyo bure, nikaikataa kwa kiburi. Sasa Vene anakuja mara moja kwa mwaka. Analeta sukari, anafagia uwanja, anapika. Jioni anakaa nje na kitabu chake. Nami namtazama kutoka jikoni, nataka kumuuliza anasoma nini, na sijui nianzeje.