Kimya cha Jemadari Mihambo

Zama zile misafara ya chumvi na shaba ilipokuwa ikipita nchi ya Ubungwa, Mihambo, mpwa wa Mtemi, alipewa watu sitini alinde kivuko cha mto. Alivaa kaniki mpya na vikuku vya shaba, na gobore la pekee kikosini lilikuwa lake. Amri ilikuwa moja: asivuke, hata adui akimtukania mama.

Siku ya tatu maadui wachache walijitokeza ng'ambo, wakatupa ngao, wakatimua mbio.

"Piga baragumu tuwafuate!" alisema Mihambo.

"Mwanangu, akimbiaye bila jeraha anakuita," alijibu Shigela, mpiga baragumu aliyeota mvi vitani. "Na Mtemi alisema..."

"Jemadari hapa ni nani?"

Shigela akapiga. Wakavuka. Nyuma yao jeshi lililojificha matetini likapita kivuko kisicho na mlinzi, likachoma maghala na kuua watu kumi na wanane.

Barazani Mtemi aliuliza, "Baragumu la kuvuka lilipigwa kwa amri ya nani?"

Mihambo alifungua kinywa. Akawaona wajane wameketi chini, vichwa vimenyolewa, na mmoja wao ni mke wa rafiki yake. Ulimi ukamganda.

Shigela alimtazama, akangoja. Kisha akainamisha kichwa. "Nililipiga mimi, Mtemi."

Akanyang'anywa ngao na mkuki, akafukuzwa nchini siku ileile. Mkewe alimfuata, chungu kichwani.

Wahenga walinena, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mihambo hakusikia, guu likavunjika la mwenzake. Siku tatu alikwepa watu. Akiamkiwa, aliona anasutwa. Siku ya nne alijitupa miguuni pa mjomba wake, akasema yote.

"Sheria haina mpwa," alisema Mtemi. "Ondoka Ubungwa. Na Shigela arudishwe kwa heshima."

Matarishi walimkuta mke wa Shigela porini, peke yake, akifukia kaburi kwa mikono. Simba alikuwa amemvamia mumewe, asiye na hata mkuki.

Mihambo alizeekea ugenini. Wasafiri wa kwao waliokutana naye walimsifu: "Wewe ndiwe uliyekiri bila kulazimishwa!"

"Siku ya nne," alijibu kila mara, macho chini.

Wakadhani ni unyenyekevu, wakazidi kumsifu.