Maziwa ya Kopo kwa Watu wa Ng'ombe

Kila asubuhi, kabla jua halijakolea katika mbuga za Minjila, Barwako, binti wa wafugaji wa Kiorma, alifukiza vibuyu vya maziwa. Alivisuuza, akatia ndani kijinga cha moto, akavitikisa mpaka moshi ukaenea kote, kisha akavipangusa. Ilikuwa kazi yake tangu utotoni, na sasa alikuwa na miaka kumi na miwili. Wanawake wa kijiji walisema kwamba maziwa yakitiwa katika kibuyu cha Barwako hukaa siku kadhaa bila kuharibika. Barwako alijifanya hasikii sifa hizo, lakini alizisikia vizuri sana.

Mwaka huo, katika miaka ya hamsini, mvua ilikosekana na vibuyu vikabaki vitupu. Baba yake, Wario, aliwapeleka ng'ombe mbali kutafuta malisho. Nyumbani walibaki Barwako, nyanya yake Dahabo, mama yake Nuria, na Jilo, mtoto mchanga aliyezaliwa juzijuzi tu. Nuria alikuwa akinywa uji mtupu, na maziwa ya kumnyonyesha mwanawe yalikuwa yanapungua. Jilo alilia mpaka sauti ikamkauka.

Siku moja Barwako alitumwa mjini Garsen kununua chumvi. Mbele ya zahanati aliona kina mama wajawazito na wenye watoto wachanga wamepanga foleni. Mkunga wa pale, Bi Mwanaarusi, Mpokomo mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, alikuwa akiwapima na kuwagawia maziwa ya unga.

"Wewe binti, mama yako hajambo?" aliuliza. "Mbona simwoni hapa?"

Barwako akamweleza hali ya nyumbani. Bi Mwanaarusi akampa kopo zima.

"Haya ni ya mama, si ya mtoto. Mama akishiba, mtoto atanyonya. Chemsha maji, koroga kikombe kimoja, anywe papo hapo. Usiyaweke. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bi Mkunga."

Njiani furaha yake iliingia doa. Alimjua nyanya yake. Nyanya Dahabo aliwahi kusikia habari za maziwa yale, akatema mate chini. "Mtu wa ng'ombe aombe maziwa ya kopo? Heri nife!" alisema.

Basi Barwako alilificha kopo chini ya kuni. Kukoroga kikombe kimoja kimoja kungemfichua, kwa hiyo alikoroga mengi kwa pamoja, akayatia katika kibuyu chake kizuri. Maji aliyachota mtoni, wala hakuyachemsha, asije akaulizwa moto ule ni wa nini. Aliamini kwamba kibuyu chake kingeyahifadhi kama kilivyohifadhi maziwa ya ng'ombe miaka yote.

"Yametoka wapi?" aliuliza nyanya.

"Kwa kina Adano. Ng'ombe wao mmoja hakuhama."

Nyanya akamwombea jirani yao Adano baraka tele. Nuria akanywa siku ile, akanywa na kesho yake. Siku iliyofuata tumbo lilimsokota, akaharisha na kutapika mpaka akashindwa kuketi. Jilo alinyonya asipate kitu.

Nyanya Dahabo akanusa kibuyu, macho yakamwiva. Alichukua bakora yake. "Adano ametupa sumu! Leo atanieleza mbele ya wazee wote!"

Adano alikuwa jirani mwema, na Nuria alikuwa anazidi kulegea. Barwako alikimbia akasimama mlangoni.

"Nyanya, usiende. Adano hana kosa. Ni mimi." Akalitoa kopo chini ya kuni, akasema yote huku akilia.

Nyanya alilitazama kopo, akamtazama na mjukuu. Bakora ikashuka. "Mlete punda," alisema.

Walimpandisha Nuria juu ya punda, nyanya akambeba Jilo, wakaenda Garsen. Bi Mwanaarusi alimpokea mgonjwa, akampa dawa na maji yaliyochemshwa. Jioni Nuria alifungua macho, akaomba uji. Hapo ndipo mkunga alipomgeukia Barwako.

"Kibuyu chako ni kizuri, mwanangu, lakini moshi hauwezi kuua uchafu wa maji ya mto. Kwa nini hukufanya nilivyokuambia?"

"Nyanya hataki maziwa ya kuomba," Barwako alinong'ona.

Bi Mwanaarusi akamgeukia Nyanya Dahabo. "Bibi, kwenu mwanamke akijifungua, majirani hufanya nini?"

"Kila nyumba humletea kibuyu cha maziwa. Ndiyo desturi yetu."

"Na huyo mzazi ni ombaomba?"

"Astaghafiru! Ni haki yake!"

"Basi na zahanati ni nyumba moja katika hizo. Kibuyu chetu ni cha bati, Bibi, lakini ni kibuyu."

Nyanya Dahabo akacheka, akafunika mdomo kwa ushungi wake. Kuanzia siku ile aliyachemsha maji yeye mwenyewe na kukoroga kikombe kimoja kimoja mbele ya watu wote. Nuria akapata nguvu, na Jilo akanyonya mpaka mashavu yakajaa.

Mvua iliponyesha na ng'ombe wakarudi, nyanya alitoka kwenda Garsen siku ya kliniki, kichwa juu. Barwako alimfuata na vibuyu viwili vya maziwa mabichi. Bi Mwanaarusi aliyachemsha kwanza, na nyanya akamwacha, ingawa alinung'unika kidogo. Wapokomo na Waorma waliokuwa wakingoja kwenye benchi wakanywa, kila mmoja kikombe chake.

"Barwako," alisema nyanya, "mimi nilidhani fahari ni kukataa mkono wa mtu, nikakufanya uogope kuniambia kweli. Tulikosea sote wawili. Uongo ulikaribia kutuondolea mama yako, na ungetugombanisha na jirani. Mzazi akisaidiwa, apokee. Akipata, naye asaidie. Hiyo ndiyo fahari ya watu wa ng'ombe."

Mama mmoja mjamzito akashusha kikombe. "Maziwa haya yana harufu tamu ya moshi. Nani amefukiza kibuyu?"

"Mjukuu wangu," alijibu Nyanya Dahabo kwa sauti iliyofika hadi barabarani.

Safari hii Barwako hakujifanya hasikii.