Mkebe Uliotakiwa Kukaa Mkavu

Kila asubuhi Kalondu alifika shuleni na kibuyu cha maji yaliyochotwa kwenye mchanga wa mto. Huko kwao, karibu na mji mdogo wa Kabati, kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali, na kila mwanafunzi alileta maji ya kupikia uji. Mwalimu Ndeti, aliyefundisha sayansi, alimsihi mwalimu mkuu, Bwana Mbuvi, ampe kikombe kimoja tu cha maji hayo kwa siku.

"Sayansi haifundishwi kwa chaki peke yake," alisema.

Basi dirishani mwa darasa la sita ikawekwa mikebe miwili iliyopandwa mbegu za kunde. Mmoja ulitiwa maji, wa pili ukaachwa mkavu. Watoto hawakuwa wamewahi kushika somo kwa mikono yao, na walifurahi ajabu.

Kalondu hakuwa na raha. Shambani kwao mbegu zilikuwa zimekauka, na nyanya yake alizililia. Sasa aupite mkebe ule mkavu kila asubuhi, na maji anayo mkononi? Roho ilimkataza, maskini. Akawa anaunywesha kidogo kabla wenzake hawajafika.

Siku ya matokeo Bwana Mbuvi alikuja kujionea. Kunde zilikuwa zimeota katika mikebe yote miwili.

"Mwalimu, ndiyo unayowafundisha haya? Kwamba mbegu huota bila maji?" aliuliza. "Kuanzia kesho maji yote yaende kwenye uji."

Mwalimu Ndeti aliinamisha kichwa. Kalondu alimwonea uchungu. Akisema, atachekwa, na pengine achapwe. Akinyamaza, somo lile litakufa. Akasimama.

"Ni mimi, mwalimu. Nilizitilia maji. Nilizionea huruma."

Darasa likaangua kicheko. Bwana Mbuvi hakucheka. Naye alikuwa mkulima, na shamba lake lilikuwa limekauka vilevile.

"Anzeni upya," alisema polepole. "Kikombe chenu mtakipata."

Safari hii Kalondu ndiye aliyepewa mkebe mkavu aulinde. Aliulinda, ingawa ilimwuma. Kunde zenye maji ziliota, zile kavu zikakaa vilevile, na darasa zima likaona.

Somo lilipokwisha, Mwalimu Ndeti alimpa Kalondu kikombe cha maji.

"Huruma yako ni njema, mwanangu, usiiache," alisema. "Ila ukitaka kujua ukweli, usiusaidie kwa siri. Uache ujionyeshe wenyewe. Haya, sasa zinyweshe zile kavu."

Kalondu akamimina maji yote, hadi tone la mwisho.