Nilimwambia Usiku Mmoja Unatosha

Nina miaka kumi na sita, nasoma darasa la nane, nakaa Temeke kwa baba yangu. Darasani mie ndiye mchekeshaji, na walimu wamenicharaza mpaka fimbo zao zimenizoea. Nacheka kila kitu. Lakini wasomaji wenzangu, kuna mzaha wangu mmoja umenikwama kooni kama mwiba wa samaki... haushuki wala hautoki.

Nitaanza kwa kumsema marehemu. Najua marehemu hasemwi. Mie namsema!

Binamu yangu Hamza, mtoto pekee wa shangazi yangu, alikuwa na miaka ishirini na moja na kazi ya ukarani bandarini. Shati jeupe, kalamu mfukoni, kila mama mwenye binti akimtolea macho. Siku moja akarudi pekupeku. Viatu kampa mpagazi, kazi kaacha! Akasema mji umetulegeza kama mkate uliochovywa kwenye chai. Atakwenda kuishi porini, huko nyuma ya Chamazi, mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Atakula kinachotoka ardhini, hachukui hata kiberiti. Eti anataka kujua kama mtu mweusi anaweza kuishi bila bwana yeyote juu ya kichwa chake.

Maneno matamu, eti? Na mama yake je? Mjane, macho yameingia ukungu, hata uzi hawezi kuutunga kwenye sindano. Nani amtekee maji? Mie! Bwana huru yuko porini anasikiliza ndege, mie ndoo kichwani!

Sikatai, alikuwa na wema wake. Hakusema uongo, hata ule mdogo wa kumfariji mgonjwa. Aliwahi kumbeba mgongoni bibi mmoja asiyemjua kabisa, kutoka sokoni Buguruni mpaka zahanati. Lakini hakusikia la mtu. Ukimwonya, unaogopa. Ukimpa kitu, unamnunua. Mtu mwema asiyesikia anachosha kuliko mwizi, maana mwizi utamfungia mlango.

Kila Ijumaa baada ya sala shangazi alinituma nimpelekee chumvi na samaki mkavu. Nilikwenda kwa baiskeli ya baba, njia ikiisha naisukuma vichakani. Na kila Ijumaa Hamza alinirudishia vyote!

"Mwambie mama naishi," alisema.

"Unaishi kama nyani," nikamjibu, "tena nyani ana nafuu, ana manyoya!"

Alicheka. Sie Wazaramo, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani, matusi yetu hayana kesi.

Lakini alizidi kukonda. Mitego haikunasa, kijito kikakauka, akabaki na maji ya debe moja. Ijumaa ya tano nikamkuta amechimba ndiga. Kwa asiyeijua, ndiga ni kiazi cha mwituni chenye sumu. Wazee huikata vipande vyembamba, wakailoweka siku nyingi kwenye maji yanayopita, ndipo huliwa, tena mwaka wa njaa tu. Bibi yetu alinifundisha mie. Hamza wakati huo alikuwa shule ya bweni.

Akaniuliza kwa upole, "Binamu, wewe umekaa sana na bibi. Hizi hulowekwa siku ngapi?"

Mara ya kwanza Hamza kumwuliza mtu kitu! Na akaniuliza mie...

Jibu nililijua. Lakini miguu iliniuma, na shingo iliniuma kwa ndoo za mama yake. Nikawaza, akiharisha kidogo tu atarudi mbio kashika tumbo, na Temeke nzima itamcheka. Nikakaza uso. "Usiku mmoja unatosha. Zaidi ya hapo ni woga wa watu wa mjini."

Hayo maneno ya mwisho niliyachagua. Nilijua yatampendeza.

Nikarudi nacheka njia nzima. Nikawahadithia wenzangu, tukapanga kumlaki kwa ngoma ya makopo. Jumamosi hakuja. Jumapili hakuja. Jumatatu nilishinda darasani nikichungulia barabara, lakini ningemwambia nani? Jumanne vijana wakapiga kelele kwamba Hamza anakuja. Wakapiga makopo! Wakaimba! Kumbe ni mkokoteni wa mchoma makaa, na Hamza kalazwa juu yake, midomo imevimba, mwili unakakamaa na kulegea. Makopo yakanyamaza moja moja...

Shangazi alimpapasa uso. "Mwanangu, nani kakwambia ule vitu hivi?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Hamza akanitazama mie, si mama yake.

"Hakuna mtu, mama. Njaa iliniuma, nikafanya haraka."

Uongo wake wa kwanza! Na akautumia kwa ajili yangu! Nani alimwomba? Angenitaja ningepigwa, ningelia, yangekwisha. Lakini yeye hata wakati wa kufa alitaka kuwa mwema kutushinda sote. Alikufa kesho yake alasiri.

Matangani wazee wakaniita. "Mtani, kazi yako hiyo. Mwigize marehemu." Nikaigiza mwendo wake wa pekupeku, kifua mbele, kama mtu anayekwenda kutawala vichaka. Watu wakacheka. Shangazi akanitaka nimweleze nafanyaje, akacheka huku machozi yanamtoka. Akanivuta kwake. "Nimebaki na wewe tu."

Tangu siku ile hunipikia. Kipande kikubwa cha samaki ni changu. Mnajua kumeza chakula cha namna hiyo?

Nyie mnaotaka kuishi porini, nendeni. Lakini ulizeni kabla njaa haijawashika, tena waulizeni watu wawili. Na nyie wacheshi wenzangu, nawasihi... mtu mwenye kiburi akikuuliza kwa upole, ujue ameishiwa. Mpe jibu la kweli, hata kama unamchukia. Mcheke baadaye, akiwa hai.

Shangazi hajui kusoma, kwa hiyo nimewaambia nyie kwanza, nipate kuzoea. Sasa hivi ananiita, wali umeiva. Leo sinawi mikono kabla sijamwambia.