Vidonge Katika Kopo la Peremende

Kila asubuhi Chiriku, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuchoka kusema, alimpa bibi yake kidonge cha shinikizo la damu. Kifuniko cha chupa kilivishinda vidole vya bibi, basi msichana huyo akavihamishia vidonge katika kopo tupu la peremende, ingawa mama alimkataza.

Jumamosi moja mama alikuwa kazini na bibi amelala. Saa nne kamili Chiriku alitoka uani kuruka kamba. Aliporudi baada ya dakika kumi, alimkuta mdogo wake wa miaka mitatu, waliyemwita Bwana Mkubwa kwa amri zake, amepakata lile kopo.

"Peremende zako mbaya, Dada!" alifoka, akitema mate.

Chiriku alihesabu. Vidonge vitano havikuwamo! Alilificha kopo ndani ya kanga, akapiga kelele.

Jirani yao, mama mmoja fundi cherehani, alikuja mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Amekula nini?"

"Sijui, mama," Chiriku alijibu.

Fundi alichukua kipande cha mkaa jikoni, akambeba mtoto, wakakimbilia kituo cha afya, mtaa wa pili.

"Daktari, msagie huu! Nasikia mkaa hunyonya sumu."

"Huo ni wa kupikia, mama. Wetu hutengenezwa mahususi, unase sumu tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Lakini haufai kwa kila sumu, na ukichelewa hausaidii sana. Amekula nini? Saa ngapi?"

Chiriku aliikaza kanga yake. Bwana Mkubwa alianza kusinzia.

"Chiriku mzima, leo umekuwa bubu?" fundi alimkemea.

Chiriku alitoa kopo. "Vidonge vya presha vya bibi. Vitano. Mimi ndiye niliyevitia humu. Alivila baada ya saa nne kamili."

Daktari alitazama saa: saa nne na nusu. Alimwamsha mtoto, akahakikisha anameza vizuri. "Muuguzi, lete mkaa! Mpime presha kila baada ya dakika kumi."

"Uji mweusi sitaki!"

"Kunywa, Bwana Mkubwa wangu," Chiriku alimbembeleza huku akilia. Akanywa wote.

Mama alifika presha ya mtoto ikiwa imeshuka, akaketi kando yake. Ilianza kupanda alasiri. Jioni mtoto aliamka, midomo myeusi tii, akaamuru aletewe maji.

Daktari alimgeukia Chiriku. "Dawa hukaa katika chupa yake, mahali mtoto hafiki. Ulikosea. Ila mkaa ule nisingejua kama unamfaa, mwanangu, bila ukweli wako. Na ungeusema kesho, usingemsaidia kitu."

Kesho yake Chiriku alimfungulia bibi chupa ya dawa, akakifunga kifuniko hadi kikalia tak.