Alama ya Mdudu wa Deborah

Ndugu zangu, haya yalitokea kwetu mtaani Annexe, kwenye nchi ya migodi ya shaba, na asiyependa kuyasikia ndiye hasa ninayemtaka akae asikilize.

Mwaka ule wa 2008 bei ya shaba ilianguka, makampuni yakafunga milango, malori yakabaki yamelala barabarani. Uani kwa Kavugho, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, Jumapili ilikuwa bado tamu. Baada ya ibada aligawa bukari, ugali wetu, na samaki, mumewe Symphorien, dereva wa malori, akimtania binti yao Deborah. Mwape, mjane aliyepanga chumba cha nyuma, alikuwa anaosha vyombo. Ndipo Deborah akakohoa, akatema damu kwenye kitambaa cha meza.

Kavugho hakumtazama mumewe. Alimtazama Mwape, kwa kuwa Mwape hakuficha ugonjwa wake. Kila asubuhi alikwenda kumeza dawa za kifua kikuu mbele ya muuguzi, na mtaa mzima ulijua.

"Mwape, njo weye ulileta kifua mu nyumba yangu. Funga bintu byako leo."

"Mama Deborah, uniache myezi tatu tu, nimalize dawa. Kule Kambove kwa kaka yangu, dispensaire ya dawa balifunga."

"Nimesema leo."

Symphorien aliinama akafunga kamba za viatu vilivyokuwa vimeshafungwa.

Deborah alimeza dawa miezi minne, akazidi kukonda. Daktari Emery, aliyekuwa akimtibu, akapeleka makohozi yake kwenye maabara kubwa. Wadudu wa kifua kikuu wana koo zao, na kila ukoo una alama yake kama alama za vidole. Wataalamu hulinganisha alama hizo na orodha iliyo kwenye intaneti, wakaona ugonjwa wa huyu unafanana na wa nani.

"Docteur, si ni Mwape?" Kavugho aliuliza kabla hajakaa.

"Hapana. Alama ya mdudu wa Mwape tuko nayo, iko ingine kabisa. Ya mutoto inafanana na ya chauffeur moya wa malori, balimupima Likasi mwaka jana. Aliacha dawa kisha kumeza myezi mbili tu. Njo maana dawa ya kawaida haimuweze mutoto. Jina, mu liste ile ya intaneti hamuna."

Kavugho hakuhitaji jina. Yeye mwenyewe ndiye aliyevitupa vidonge vya mumewe chooni, tajiri wake asije akajua na kumnyang'anya lori.

Alikimbia Kambove kumrudisha Mwape. Chanda, kaka wa Mwape, alimpokea mlangoni.

"Tulimuzika mwezi uliopita. Weye uko nani wake?"

Kavugho aligeuka akarudi Annexe.

Symphorien alikufa kabla ya mvua. Deborah alipona baada ya miaka miwili ya dawa kali, lakini sindano zilimwachia uziwi. Siku mama yake alipojikaza kumweleza yote, msichana alimtazama midomo.

"Mama, unasema nini?"

FUNZO

Ukianza dawa za kifua kikuu, zimalize. Mgonjwa anayetibiwa mbele ya watu usimfukuze, maana yeye anakulinda. Mwogope yule anayejificha, hata kama analala kitandani kwako. Nasi majirani tuliomwona Mwape akibeba godoro lake, tukanyamaza, tusijitoe katika hadithi hii.